Sahani Sita za Masista

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka la vyombo pale Morogoro mjini, mtaa wa nyuma ya soko, mimi na binti yangu anayejiandaa kuolewa. Alitaka sahani za heshima, zile zinazotolewa siku wakwe wakija, na kwa kuwa amezaliwa zama za plastiki alikwisha kukumbatia rundo la sahani zenye maua mekundu makubwa kama kofia. Nikamwambia aziweke chini. Nikateremsha sahani moja nyeupe kutoka rafu ya juu, nikaigeuza, nikapitisha kidole kwenye ule mviringo wa chini inaposimamia, kisha nikaielekeza mlangoni penye mwanga na kuweka mkono nyuma yake. Kivuli cha vidole vyangu kikaonekana upande wa pili. Nikaigonga ukingoni kwa ukucha, nikasikiliza mpaka mlio ulipokwisha.

Kijana wa duka aliacha simu yake. "Mama, wewe ulikuwa unauza vyombo nini? Hizo ni orijino, kaure ya mifupa."

"Najua," nikamwambia, labda kwa ukali kuliko ilivyostahili.

"Nani alikufundisha mambo haya?" binti yangu akauliza.

"Bibi yangu," nikasema, nikaishia hapo. Tulizinunua zile nyeupe, tukaenda zetu. Lakini tangu siku ile sina raha, na kwa kuwa yeye sijamwambia, acha nikuambie wewe, rafiki yangu. Ukiona nimekuwa na kinyongo mahali fulani, nivumilie. Mimi ni mtu wa kinyongo, watu wa nyumbani kwangu watakuthibitishia.

Nililelewa na bibi mzaa mama, juu kwenye miteremko ya Uluguru, upande wa Matombo. Ukitoka mjini unaipita Mkuyuni, unaendelea na barabara ya vumbi, halafu unashuka na kupanda kwa miguu, saa nzima kama una magoti mazuri. Hapo mwanzo palikuwa na nyumba nyingi zilizotawanyika migombani, na moshi wa kila jiko ulijulikana ni wa nani. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Majirani wakashuka mmoja mmoja na vitanda vyao na kuku wao, wakajenga kwa mistari kando ya barabara, karibu na shule na duka la ushirika. Bibi hakushuka. Alisema ana miguu mibovu, ingawa miguu hiyo ilimpeleka misheni na kumrudisha kila siku, na walipombana sana akasema makaburi ya ukoo hayawezi kuachwa bila mtu. Viongozi walichoka naye. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akipanda mara moja kwa mwezi kutukagua, anahema, anajifuta jasho, anasema yeye ndiye balozi pekee Tanzania nzima mwenye nyumba tisa bondeni na moja mawinguni.

Ilikuwa nyumba ya udongo, vyumba viwili na jiko la nje. Asubuhi nilichota maji kijitoni, nikashuka shuleni, nikapanda tena saa nane mchana na njaa yangu. Jioni nilikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba nikimenya maharage, na kelele zote za kijiji zilinifikia pale: watoto wakicheza rede, kinu kikitwangwa, kile chuma cha shule kikigongwa. Ajabu ya mlima ni kwamba sauti hupanda vizuri lakini haishuki. Mara nyingi niliita jina la rafiki yangu wa darasani kwa nguvu zangu zote, na hakuna siku aliyogeuza kichwa. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mpweke, ingawa wakati ule sikulijua neno lenyewe. Nilidhani ni njaa.

Mama yangu alikuwa Kisaki. Alinizaa akiwa bado msichana wa shule, na baba yangu hakutajwa kamwe mle ndani, si kwa wema wala kwa ubaya. Nilipofika miaka minne mama akaondoka kwenda kuhudumu kwenye zahanati moja kule reli mpya ilikokuwa ikijengwa. Alirudi Krismasi mbili. Nilimkumbuka kwa vipande vipande: harufu ya sabuni ya kuogea, viatu vyenye mkanda, namna alivyocheka akiwa amefumba mdomo. Usiku kabla ya kulala nilivipanga vipande hivyo nipate mtu mzima, na kila mara kulikuwa na sehemu iliyokosekana.

Sasa nije kwenye sahani. Bibi alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya masista wa Kizungu pale misheni, akipika, akitandika meza, akiosha vyombo. Masista walipofunga nyumba yao na kurudi kwao, yule mkubwa wao alimwita bibi kwenye chumba cha kulia. Juu ya meza palikuwa na seti mbili za vyombo vya watu sita. Ya kwanza ilikuwa nene na nzito, rangi ya maziwa, ya kula siku zote. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyeupe, yenye mstari mmoja wa dhahabu ukingoni na maua madogo ya buluu, ya kuwalishia maaskofu. Akaambiwa achague moja.

Wanawake wenzake waliokuwa pale wakimsaidia kubeba mizigo wakamnong'oneza achukue nzito. Walisema zile nyembamba hazitafika hata Pasaka. Bibi akachukua nyembamba. Alikuwa ameziosha zote mbili kwa miaka kumi na moja, na alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua: nzito ndizo zilizokuwa zikimeguka ukingoni, moja baada ya nyingine, na nyembamba hazikuwahi kupungua hata moja. Sista alimweleza sababu yake, kwamba udongo wake umechanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, na hiyo ndiyo inayoupa nguvu na kuufanya upitishe mwanga.

Hilo la mifupa lilitupa taabu. Bibi alilisema kwa kujivunia mara moja tu, akichota maji na wenzake, na lilipofika barabarani halikuwa tena mifupa ya ng'ombe. Kulikuwa bado na watu wengi waliowaogopa mumiani, wale wanyonya damu wa kwenye hadithi, na sasa ikasemekana bibi ana sahani zilizosagiwa watu. Mtoto mmoja darasani alikataa kukaa dawati moja na mimi. Jirani yetu wa zamani, mwanamke mnene mwenye huruma aliyepanda kila Jumamosi kutuletea habari, alisema yeye haamini maneno hayo, lakini vilevile hakuwahi kunywa hata maji kwenye chombo chochote cha sanduku la mbao ambamo bibi aliihifadhi seti ile.

Kila masika yakiisha bibi alilifungua sanduku, nasi tukaviosha vyombo kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Maji ya vuguvugu, si ya moto, mstari wa dhahabu usije ukafifia. Sahani moja moja, kamwe usizilundike beseni. Unaibeba kwa mikono miwili. Alinifundisha kuigeuza na kupapasa tako lake kama limenyooka, kuielekeza kwenye jua, kuigonga na kusikiliza. "Ikiwa na ufa ambao jicho halijauona, itakohoa," alisema. Nilikuwa na sikio zuri. Alinisifu, na bibi hakuwa mtu wa kugawa sifa.

"Hizi ni za mama yako," alisema kila mwaka akizifunga tena kwenye vipande vya khanga kuukuu. "Siku mwanamume atakapokuja kumposa, atalishiwa humu. Akiondoka naye, zitaondoka naye."

Mwaka mmoja nikauliza, "Na mimi?"

Alinishangaa. "Na wewe. Sasa utabaki hapa ufanye nini?"

Tangu siku hiyo nikaanza kuzipenda sahani zile kwa mapenzi ya ajabu. Ziwe nzima, niwe mzima, tuondoke pamoja. Kichwani mwangu tulikuwa mzigo mmoja.

Barua ilifika kwa mkono wa dereva wa lori, na mwalimu akanipa shuleni. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi nikiwa nimesimama, kama nasoma somo kanisani. Mama alisema atakuja Jumapili ya pili baada ya Pasaka, na mgeni, mfanyakazi wa stesheni, mtu wa dini na mwenye heshima zake. Atafuatana na mshenga. Mjomba aitwe, maana kwetu Waluguru mjomba asipokuwepo hakuna kilichozungumzwa. Salamu kwa wote. Basi. Niligeuza karatasi nikatazama nyuma. Nikairudia tena mstari kwa mstari nikijitafuta. Bibi akasema, "Imekwisha?" Nikamwambia bado, nikainamisha macho kwenye karatasi na kusoma kwa sauti: "Mwambie mwanangu nimemkumbuka sana." Bibi akatabasamu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa, na sikuujutia, kwa sababu niliposikia sauti yangu ikiyasema maneno yale na mimi nikayaamini.

Wiki hiyo hatukuwa na utulivu. Bibi alikwenda duka la ushirika akapanga foleni tangu alfajiri, akarudi na sukari nusu kilo aliyoibeba kifuani kama kichanga. Mchele ulitoka bondeni. Nilichambua mchele mpaka macho yakauma. Jogoo aliyekuwa akinifukuza kila siku alikabidhiwa kwangu nimshike miguu, na sikumhurumia. Jirani alipanda Jumamosi na kikapu cha karoti na njegere, akafunga khanga kiunoni, akaanza kutoa amri jikoni kwa watu ambao hawakuzihitaji.

Bibi alipotoa vyombo kwenye sanduku, jirani alisogea kutazama kwa mbali, mikono nyuma. Akakiona kile chombo cha mchuzi, kirefu, chenye mdomo mmoja na mkono wa kushikia.

"Hiki ni cha kunyweshea mtoto uji?"

"Cha mchuzi," bibi akasema.

"Mchuzi upite mdomoni huku? Wazungu nao! Mtoto angekunywa vizuri hapo, wallahi, hata tone lisingemwagika." Kisha akanitazama, akapunguza sauti. "Haya, huyu naye kesho kutwa hayupo. Utabaki na nani, bibi wee?"

"Nitabaki na makaburi," bibi akajibu, wakacheka wote wawili. Nilicheka pia, kwa furaha yangu ya kishenzi. Sikumfikiria bibi hata kidogo. Ningependa kukuambia kuwa nilimfikiria.

Meza tuliazima kwa katekista, na shuka jeupe likapigwa pasi ya mkaa. Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, bibi alinikabidhi kazi ya kutandika. Sahani za chakula sita, sahani za supu juu yake sita. Kijiko kulia, mdomo wake juu. Uma tulikuwa nazo tatu tu, tukaziweka upande wa wageni na mjomba. Kila sahani niliiweka mbali na ukingo wa meza kwa upana wa vidole viwili, kama masista walivyotaka. Mgeni, mshenga, mjomba, mama, bibi, na mimi. Watu sita, sahani sita. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea, maana sikuzoea mambo kunitimilia namna ile. Kisha nikaenda chumbani, nikatoa furushi langu, magauni mawili na daftari, nikaliweka juu ya lile sanduku tupu ili asije mtu akalisahau.

Nikatumwa kwenye njia ya migombani nikatazame kama wanakuja. Mama alikuwa ametangulia. Wanaume walikuwa nyuma, kijitoni, wakinawa tope miguuni. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amenenepa kidogo na amesuka nywele upya. Nilikimbia. Akachuchumaa, akanikumbatia haraka, akaninyoosha ukosi wa gauni, akasema, "Umekua." Akatazama nyuma yake. Kisha akasema, "Sikiliza. Leo niite dada."

"Kwa nini?"

"Niite dada. Ukiniita hivyo nitafurahi. Ni leo tu."

"Na mama atakuwa nani?"

"Mama ni bibi. Ni leo tu, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Angeniambia nimwite mwenyekiti wa kijiji ningemwita. Nilijua tu kwamba ikifika jioni leo itakuwa imekwisha.

Mgeni alikuwa mtu mzuri, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Laiti angekuwa na kiburi, ningejua pa kuweka hasira yangu. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," akainama ili uso wake uwe sawa na wangu. "Huyu nani tena?"

"Mdogo wangu," mama akasema. "Kitinda mimba wa mama."

"Ahaa! Basi ni shemeji yangu huyu. Shemeji, hujambo?" Akanipa mkono kama mtu mzima.

Bibi alikuwa anatoka jikoni na bakuli kubwa la supu, lile lenye mfuniko. Alisimama. Umri wa kuzaa ulikuwa umempita kitambo, na jirani, aliyekuwa nyuma yake na sinia la wali, alimtazama bibi tumboni, kisha akanitazama mimi. Mjomba alikohoa, kisha akaanza kuuliza habari za mvua za Kisaki. Bibi akalitua bakuli mezani polepole, bila mlio wowote. Nilisubiri aseme kitu. Akawakaribisha wageni mezani.

Wakaketi. Mshenga akahesabu sahani kwa macho. "Hii moja ya nani?"

"Imezidi," mama akasema bila kunitazama. "Mtoto atakula jikoni."

Nikaenda kuitoa. Niliibeba kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, ya supu juu ya ile ya chakula, na kijiko juu yake, nikavuka uwanja. Jikoni jirani alinipakulia kwenye sahani ya bati, paja zima la jogoo, nyama nyingi kuliko nilivyowahi kupewa, akaniambia kula mwanangu. Sikula. Niliishika ile sahani nyeupe mapajani na kusikiliza vijiko vyao vikigusa kaure kule ndani. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimetaka kuusikia mlio huo. Niliwasikia wakicheka. Nilimsikia mgeni akisema vyombo kama hivi huenda hata mkuu wa mkoa hana, na mshenga akamjibu aangalie asije akaitwa bwanyenye, na mama akisema kwa ile sauti yake ya kucheka amefumba mdomo, "Ni vyangu. Mama aliniwekea."

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Posa ilipokelewa, mjomba akaridhika, togwa ikanyweka. Wakaniomba niimbe wimbo wa shule nikaimba. Jua lilipoanza kuinama, wageni wakatoka na mjomba kwenda kuona shamba lake la mananasi pale chini, na sisi watatu tukabaki tukiosha na kufunga vyombo: bibi, mama na mimi. Tulivipanga sandukuni kwa majani makavu ya mgomba. Nikaifuta ya mwisho, ile yangu, nikampa bibi. Akafunga sanduku. Nikachukua furushi langu nikaliweka juu yake tena.

Mama akalitazama. Akalinyanyua kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka chini, pembeni, kwa upole kabisa.

"Hili nitalifuata," akasema. "Shule zikifungwa mwezi wa saba."

Bibi akaongea kwa sauti ya chini. "Vilivyo vyako humu ndani ni viwili. Nilikuwekea vyote kwa pamoja."

"Mama, nitamwambia. Akishanioa nitamwambia. Nikimwambia leo ataniacha, unawajua wanaume. Nipe muda."

"Basi acha sahani mpaka siku hiyo."

 Mama alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akatazama njia ambako sauti za wanaume zilikuwa zinarudi. Sijui aliona nini katika vitu vile vitatu. Nilisimama wima na kufunga mdomo, nisije nikamwita jina lisilotakiwa nikaharibu. Nilifikiri ananipima. Halafu akasokota khanga kuwa kata, akaiweka kichwani, akainama na kulinyanyua sanduku peke yake, zito vile, bila kuomba msaada.

"Haya," bibi akasema. "Umechagua."

Waliteremka. Mgeni alimpokea sanduku hatua chache mbele, akanigeukia akapunga mkono: "Kwaheri, shemeji!" Na mimi nikapunga. Nikasema, "Kwaheri, dada." Nilikuwa bado naifuata amri, maana jua lilikuwa halijazama na leo haijakwisha.

Mwezi wa saba shule zilipofungwa nilikaa kwenye kona ya njia na furushi langu. Wiki ya kwanza kila siku, ya pili siku moja moja. Bibi hakunikataza wala hakunihimiza. Aliniletea kiazi cha kuchoma, akasimama nami kidogo, akarudi. Ilipofika Desemba nilifungua furushi mwenyewe kwa sababu lile gauni moja lilikuwa limeanza kunibana. Mimi na bibi tulikula kwenye bati kama tulivyokuwa tukila siku zote, lakini masika yalipoisha hatukuwa na kazi ya kufanya, na asubuhi ile tulikaa barazani, kila mmoja akijifanya ana jambo. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza kwa nini alimwacha aondoke nazo. Alisema zilikuwa zake. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema, "Na wewe ulikuwa wake. Ningemlazimisha vipi?" Akafa na jibu hilo.

Mama aliolewa, akazaa watoto watatu. Sitasema alinitupa. Alinilipia sekondari, alinitumia viatu, alikuja kwenye harusi yangu na kukaa kiti cha dada wa bibi harusi. Mume wake alipostaafu walijenga Morogoro, upande wa Mazimbu, na nilikuwa nawatembelea. Watoto wake walinipenda. Waliniita mama mdogo, wakanivuta mkono kunionyesha kabati la kioo zilimokuwa zile sahani, wakinieleza kuwa zilikuwa zawadi ya harusi. Nilikaribishwa na kulishiwa humo kila nilipokwenda, kwa kuwa mimi ni mgeni. Siku moja tulikuwa wawili jikoni, yeye anaosha, mimi nafuta, na nikaigonga moja kwa ukucha bila kufikiri. Akaacha kuosha. Akasema, "Unajua, mimi siku ile…" Mtoto wake wa mwisho akaingia kuomba maji ya kunywa. Akampa maji. Sentensi ile haikuendelea tena, si siku hiyo wala miaka kumi na mitatu iliyofuata.

Alifariki mwaka juzi, baada ya mume wake. Mjomba alikwisha kufa zamani, na jirani pia. Nyumba ya juu imebaki kichuguu kati ya migomba ya watu nisiowajua. Pale makaburini ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa Matombo, alihudumu Kisaki, ameacha watoto watatu na wajukuu saba. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Kisha aliyekuwa anaongoza ratiba akaanza kuita watu kuweka mashada. "Watoto wa marehemu," akasema kwenye kipaza sauti, na mguu wangu wa kulia ukatangulia wenyewe hatua moja. Nikaurudisha. Wale watatu wakaenda, wameshikana. Wakaitwa wakwe, wakaitwa wajukuu. Halafu akasema, "Ndugu wa marehemu, kaka na dada zake." Hakuna aliyesogea. Akatazama karatasi yake, akarudia. Nikatoka kwenye kundi nikaenda mbele peke yangu. Binti yangu alikuwa ameshika mkoba wangu.

Kijana yule hakunifahamu. Alinikabidhi shada, akashusha kipaza sauti na kuniuliza kwa adabu, ili anitangaze sawasawa, "Samahani, mama, wewe ni nani kwa marehemu?"

Nilikuwa na nafasi yote duniani. Watu walikuwa kimya, udongo wa kaburi ulikuwa mbichi bado, na mdomo ulikuwa wangu.

"Mdogo wake," nikasema.

Akatangaza hivyo. Nilitazama zile nyuso zote, watu zaidi ya mia mbili, na miongoni mwao hapakuwa na hata mmoja aliyebaki wa kuniambia si kweli.